Baba Yangu na Mizinga ya Biharamulo

Jumapili, saa nne asubuhi. Mawingu yameikalia Murukulazo tangu alfajiri lakini mvua haitaki kunyesha. Sijaenda kanisani, nimesingizia goti. Ukweli ni kwamba sikutaka kumwona Domina akipongezwa mara ya pili ndani ya siku mbili.

Nina wivu. Naandika hivyohivyo bila kupamba, maana nyinyi mnaonisoma hapa mnahesabika kwa vidole na wengi wenu mnanijua.

Domina ni mtoto wa baba mkubwa, tumelelewa ua mmoja kule Bukiriro. Jana alimfanyia sherehe mwanawe wa mwisho, aliyevishwa nyota, sasa ni luteni usu. Maturubai mawili, spika kubwa, ng'ombe kachinjwa. Wangu, Gervas, anatengeneza simu mjini Ngara na ananipigia kila Jumatano bila kukosa. Ni mtoto mzuri. Lakini hakuna anayefunga maturubai kwa sababu mtoto wako anatengeneza simu.

Mwanajeshi pekee nyumbani kwangu ni mbwa, anaitwa Meja. Nilimpa cheo hicho mwenyewe, mnaweza kucheka. Jana alinifuata kwenye sherehe bila kualikwa.

Wivu huu haukuanza na nyota za yule kijana. Una umri wa vita ya Kagera.

Tulikuwa darasa la nne. Baba mkubwa Stefano alikuwa mgambo, akachukuliwa na wenzake kwenda mstari wa mbele. Baba yangu, Petro, hakuchukuliwa. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na mizinga ya nyuki kwenye msitu wa Biharamulo, asali na nta vilikuwa mali ya kijiji, na baba ndiye aliyepangiwa kuitunza. Alikuwa anakaa huko wiki nyingi, akirudi ananukia moshi.

Mwalimu wetu alikuwa mgeni, katokea pwani. Siku moja alituuliza mmojammoja baba zetu wako wapi. Domina akasema wake yuko vitani, darasa zima likampigia makofi. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Baba yuko kwenye mizinga, mwalimu."

Kwetu mzinga ni wa nyuki kwanza. Lakini redio siku zile ilitaja mizinga mingine, ile inayopasua ardhi. Mwalimu akaniita mbele na kuwaambia wenzangu baba yangu ni mpiga mizinga. Makofi yangu yalikuwa marefu kuliko ya Domina.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba mwalimu ndiye aliyekosea, mimi nilisema kweli tupu. Leo nisijidanganye. Ningeweza kusema "anarina asali". Nilikuwa na maneno mengi, nikachagua lile.

Domina alikuwa amekaa pembeni yangu. Alijua. Hakusema kitu siku ile, na hajasema mpaka leo, na hilo nalo nimemwonea wivu: yeye ana kweli yake na ya kwangu pia kaishika mkononi.

Vita ilipokwisha kijiji kiliwapokea wapiganaji kwa nyimbo na maua. Watoto wa shule tulitaka baba naye asimame kwenye mstari wao. Akakataa, akasema tumbo linamsumbua, akabaki nyuma na kina mama. Nilimchukia siku ile. Niliona baba wa Domina anajua kuwa baba wa mtu, na wangu hajui.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mbali mno. Watu wazima waliojua waliugeuza utani, wakamwita "mzee wa mizinga", kisha wakafa mmojammoja, utani ukabaki bila mwenyewe, waliofuata wakaudhani kweli. Baba alipofariki wasifu wake niliuandika mimi. Niliandika kwamba wakati wa vita alihudumu kwenye mizinga. Mchungaji alipousoma, watu waliinamisha vichwa kwa heshima. Nami nikainamisha changu.

Sasa jana. Mshereheshaji alimwomba baba mkubwa amtajie mjukuu wake watu wote wa ukoo waliowahi kulitumikia jeshi. Mzee ana miaka zaidi ya themanini lakini akili yake haijapungua hata punje. Akataja wawili, watatu. Halafu mshereheshaji akaingilia kati, akauliza kwa spika, na marehemu Petro je, yule wa mizinga?

Nikainamia sahani yangu. Mzee alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Kisha akasema, "Petro alikuwa kwenye mizinga," akarudisha kipaza sauti.

Makofi tena. Luteni wetu akapiga saluti kuelekea meza yangu. Nilitamani soda niliyoishika inimeze mimi badala ya mimi kuimeza.

Wingu la mvua lilikuwa linakuja, wakaamua fataki zipigwe mapema, jua bado liko juu. Fataki za kununuliwa Mwanza, za mchana kweupe: moshi na kelele tu. Niliinuka moyo kidogo kuona Domina amepoteza hela yake, na hilo nalo nimelikiri. Lakini mlio wa kwanza tu, Meja akachomoka chini ya meza, akaangusha kiti, akatokomea nyuma ya nyumba.

Nilimkuta jikoni kwa nje. Baba mkubwa alikuwa amekaa pale peke yake kwenye kigoda, ameziba masikio kwa pamba. Kumbe aliomba mapema aondolewe mbele. Meja alikuwa amejikunja katikati ya miguu yake, anatetemeka, na mzee kamfunika na koti lake. Nilimwita mbwa wangu mara tatu. Hakugeuka. Hata mbwa, nikajisemea, hata mbwa anakwenda kwa baba wa Domina.

Nikamwamkia upya, shikamoo baba mkubwa. Akaitikia, akatoa pamba sikio moja. Nikamuuliza kwa nini hakusema kweli pale mbele.

Alingoja fataki iliyofuata iishe. Akanikumbusha kwamba yeye aliletwa nyumbani kabla vita haijakwisha, mguu ukiwa umeumia, akawa anashinda amekaa nyuma kwenye migomba. Huko ndiko alikomwona mdogo wake akirudi kutoka Biharamulo, ndoo ya asali begani, hapiti barabara ya shule kama watu, anapenya migombani na kuchutama hadi kengele igongwe tuingie darasani. Akamuuliza anamkimbia nani.

"Akaniambia: mwanangu amesema niko vitani, wakiniona na ndoo watamcheka. Akaniomba nisikuumbue, nami nikamkubalia. Nitaivunja vipi ahadi hiyo leo, na mwenyewe hayupo?"

Nilikaa chini, kwenye majivu, na gauni langu la sherehe.

Nimekumbuka sasa. Kipindi kile kila nilipotoka shule nilikuta baba ameshafika na asali imeshamiminwa kwenye chungu. Sikuwahi kumwona njiani. Nilidhani ana miguu myepesi.

Asali ile ilikuwa halali, mgawo wake aliopewa na kijiji. Alikwea miti, akaumwa na nyuki, akatembea siku mbili na ndoo begani. Akaingia nayo kwake kama mwizi. Na ile siku ya maua alipobaki nyuma na kina mama, hakuwa anashindwa kuwa baba wa mtu. Alikataa kusema uongo kwa mwili wake mwenyewe, huku akiuacha uongo wangu usimame.

Jana niliondoka bila mbwa. Mzee alisema nimwache alale hapo, akitulia nije kumchukua.

Nimemwonea Domina wivu maisha yangu yote kwa sababu baba yake alikuwa na kitu cha kuonyesha. Baba yangu alikuwa nacho pia. Niliyemfichisha ni mimi.

Jirani yangu anauza asali ya Biharamulo kwa ndoo. Nimeshamwambia aniwekee moja. Kesho Jumatatu naipeleka Bukiriro, kwa yule luteni, na nitamweleza babu yake Petro alikuwa anafanya kazi gani. Nitaibeba kichwani, na nitapita barabara ya shule, wakati watoto bado wako nje.