Baba Watoto Anaomba Ithibati

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya Baraza linalosimamia kazi yetu imefika. Matroni kaniita ofisini kwake, kanisomea mwenyewe, polepole, kama anayemsomea mgonjwa majibu mabaya. Kuanzia tarehe mosi Julai hakuna atakayeruhusiwa kukaa na wanandoa wanaotafuta mtoto bila ithibati ya mshauri wa uzazi. Hata kama amekaa nao miaka kumi na miwili. Hilo la miaka nimeliongeza mimi. Baraza halinijui.

Wanataka vitu vinne. Daftari la saa zote nilizoketi na wateja. Insha kunihusu. Kikao kimoja mbele ya mkaguzi. Halafu usaili, watu watatu upande wa pili wa meza.

Matroni anasema nikikosa atanirudisha chumba cha sindano. Nilitoka huko nikiwa kijana mwenye mkono mwepesi. Sasa mkono umekuwa mzito na sikio ndilo jepesi — sijui kama hilo nalo lina fomu yake.

Jumatano, 5 Machi

Insha. Swali la kwanza: eleza historia yako ya uzazi na jinsi unavyoizuia isiingie chumbani.

Nimelisoma kwa sauti mezani. Mke wangu kacheka mpaka kalamu nyekundu ikamdondoka. Alikuwa anasahihisha hesabu za darasa la saba. Ana haki. Tuna watoto wanne na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa miadi. Wenzetu wanahesabu siku, wanapima joto kila asubuhi, wanameza vidonge kwa saa. Sisi tukipishana tu mlangoni, tayari.

Kazini hakuna mteja anayejua. Hiyo ndiyo sheria yangu. Mezani sina picha. Watoto wakiniletea kitu nilichosahau wanasubiri ng'ambo ya barabara, kwa fundi viatu, na mimi ndiye ninayevuka. Mke wangu akipiga simu neno la kwanza ni "Baba watoto", tena kwa sauti ya darasani. Kwa hiyo simu naizima.

Leo binti yetu mkubwa kaniuliza: baba, kazini kwako sisi ni siri au ni aibu? Nimemwambia ni heshima kwa wagonjwa. Kasema sawa. Lakini ile "sawa" isiyo sawa.

Nikaandika: "Nina familia ya kawaida na haiathiri kazi yangu." Mke wangu, mwalimu, akaivuta karatasi, akaizungushia duara jekundu, akaandika pembeni: Onyesha njia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata wateja wa kukaguliwa nao. Fundi vioo na mkewe, mshonaji. Ndoa ya miaka saba. Mke alianza kuja peke yake. Mume alipokuja mara ya kwanza alidai amekuja kupima dirisha la chumba changu cha ushauri, Chumba Namba Tisa. Akalipima. Mara ya pili akalipima tena. Mara ya tatu nikamwambia, fundi, dirisha hili halijakua. Ndipo akavuta kiti.

Leo nimewaeleza habari ya mkaguzi. Atakaa kona, hatasema neno, na wakikataa hakuna ubaya. Mke kakubali papo hapo. Anasema amechoka kulia bila shahidi. Mume kajikuna kidevu, kisha katoa sharti: mtu huyo akae mahali ambapo na yeye atamwona.

"Mimi nauza vioo, mshauri. Sipendi kutazamwa na kitu nisichokitazama."

Tumekubaliana, Jumatano ya wiki ijayo. Kabla ya hapo atachukua majibu ya kile kipimo anachokikwepa tangu mwaka juzi. Ameahidi. Ameahidi huku anatazama dirisha.

Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu anatapika tangu Alhamisi. Mimi nimesema ni chakula kilicholala. Kasema basi sisi wengine watano tumekula chakula gani? Hesabu yake haina makosa.

Jana aliniomba nilete kipimo kutoka kazini. Nimekisainia stoo kama mtu anayechukua bunduki. Mtunza stoo kaniuliza ni cha mteja gani. Nimesema wa nje. Leo asubuhi tumekiweka ukingoni mwa sinki, tukakaa juu ya beseni lililopinduliwa, tukingoja, watu wazima wenye mvi. Yeye ana arobaini na tatu.

Mistari miwili. Na haikuchelewa hata kidogo. Ilikuja mbio.

Tumecheka. Mtoto wetu wa mwisho ukoo mzima unamwita Kitinda, na jina limeshaandikwa mpaka kwenye daftari za shule. Sasa huyu tutamwita nani, mke wangu kauliza, Nyongeza? Tumecheka tena. Halafu kicheko kikaisha kwa pamoja, kama umeme uliokatika.

"Yule wako wa madirisha utamwambiaje?"

Nikasema hahitaji kuambiwa. Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Kanitazama vile anavyomtazama mtoto aliyepata jibu kwa kuchungulia kwa jirani.

Jumatano, 19 Machi

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, maana nikilala yatabadilika.

Mkaguzi ni mama mrefu, miwani shingoni, fomu ya kurasa kumi na moja. Kanuni zinamkataza kusema chochote kuanzia wateja wanapoketi. Nikamweka pembeni ya kabati, mahali fundi anamwona. Fundi akamwamkia. Akaitikia kwa kichwa. Fundi akaniuliza kama mama ni bubu.

Nikaanza vizuri. Sauti yangu ya kikao. Niliuliza wiki imekuwaje. Fundi akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nane. Majibu. Mbegu chache, na hizo chache zinakwenda kwa kusuasua. Aliisoma yote mpaka jina la mashine.

Nikamtazama mkewe. Nilitegemea machozi, leso nilikuwa nazo tayari. Akaanza kucheka. Taratibu kwanza, mkono mdomoni, kisha bila mkono. Miaka saba mama mkwe amemnywesha dawa chungu, kikombe asubuhi na kikombe jioni, akisimama pale mlangoni mpaka imalizike. "Miaka saba nakunywa dawa ya mtu mwingine," alisema, na kalamu ya mkaguzi ikaanguka chini.

Fundi hakucheka. Aliikunja karatasi tena, akanigeukia.

"Mshauri, wewe una watoto?"

Swali hili nimeulizwa mara mia na nina jibu lake. Nikalitoa: "Naona swali hilo limekuja leo. Unadhani limetoka wapi?"

"Limetoka kwangu. Nimekuuliza wewe."

Mkaguzi kaokota kalamu. Miaka kumi na miwili nimelikwepa, na huyu mtu alikuwa ameacha kujificha nyuma ya dirisha.

"Ninao," nikasema.

"Wangapi?"

"Wanne."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Kisha akageukia kona. "Na wewe mama?"

Mkaguzi akanitazama. Akaitazama fomu. Kanuni zinakataza kusema, hazikutaja vidole. Akainua mkono wa kulia, vitano. Halafu wa kushoto, viwili.

"Saba," akasema fundi. "Wanne na saba kumi na mmoja. Watoto kumi na mmoja wamo humu ndani, na hakuna hata mmoja wa kwetu."

Basi hapo mkewe akaacha kucheka. Akakisogeza kiti chake mpaka magoti yakagusana na ya mumewe, akamwambia, bila kunijali mimi wala fomu, kwamba hakuwahi kumwomba mtoto. Aliomba tu asiachwe anywe peke yake. Fundi alilia. Alilia vibaya, kwa kikohozi, kama mtu asiyejua inavyofanywa. Mimi sikusema neno kwa dakika tisa. Nadhani ni kazi yangu nzuri kuliko zote, na sikufanya kitu.

Walitoka wameweka miadi mingine. Jumanne, tarehe nane Aprili, saa nne asubuhi.

Nilisema wanne. Nimelifikiria njia nzima.

Ijumaa, 21 Machi

Taarifa ya mkaguzi: sitini na moja kwa mia. Kufaulu ni sitini. "Alitoa taarifa zake binafsi, kinyume cha kifungu cha kumi na mbili. Alinyamaza vizuri."

Nimempigia simu kumshukuru. Nikamuuliza yeye angejibu nini. Kasema yeye alijibu, tena kwa mikono miwili, ndiyo maana ile moja ya juu ya sitini ipo.

Jumatatu, 24 Machi

Ugomvi. Nauandika wangu tu, wake hauhitaji kuandikwa, mtaa mzima umeusikia.

Kliniki ya wajawazito iko jengo letu, korido moja na Chumba Namba Tisa. Benchi ni moja. Aliyechora jengo hili alidhani watu hao wanangoja kitu kimoja. Nilimwomba mke wangu, kwa upole, aende kliniki ile nyingine, ya ng'ambo ya mji.

"Nipande magari mawili na kichefuchefu changu ili wateja wako wasinione?"

Nikasema si kukuficha, ni kuwalinda.

"Baba watoto, umewaficha wanne kwa fundi viatu. Huyu wa tano yuko ndani yangu. Utanificha mimi wapi, kwenye kabati la faili?"

Nikasema nina uchungu na watu wangu. Akasema na sisi ni watu wako. Akaenda kutapika. Nilimshikia nywele. Akasema asante kwa sauti ya mtu ambaye bado amekasirika.

Tumepatana hivi: atakuja kwetu, lakini Jumanne, tarehe nane Aprili, saa nane mchana, korido ikiwa tupu.

Alhamisi, 3 Aprili

Usaili. Mwenyekiti, daktari mstaafu, na mwanasheria. Maswali ya sheria nimejibu. Ya maadili nimejibu. Ndipo mwenyekiti akauliza kama kuna mabadiliko yoyote nyumbani yanayoweza kugusa kazi yangu.

Nilikuwa nimeandaa "hakuna". Mdomo ukasema: mke wangu ana mimba, inakaribia miezi mitatu.

Daktari akasema hongera. Akafikiri kidogo, akasema anaiondoa. Akafikiri tena, akairudisha.

Mwanasheria akafunua faili. Tarehe kumi na tisa uliwaambia wateja una wanne. Ulijua lini? Nikasema tarehe kumi na tano. Kwa hiyo uliwadanganya? Nikasema nilihesabu waliozaliwa.

Wakanitoa nje. Kupitia mlango niliwasikia wakibishana robo saa nzima kama mimba ni mgongano wa maslahi. Daktari alitaka kujua maslahi ya nani yamegongana na ya nani. Mwanasheria alipendekeza iitwe "tukio".

Uamuzi: nitapewa ithibati nikileta, ndani ya wiki mbili, karatasi yenye saini za wale wawili, kwamba wameambiwa na wanakubali kuendelea nami. Wasipokubali, watahamishiwa kwa mwingine na mimi nitaomba upya mwakani. Mwenyekiti kanishika mkono. Kasema waambie wewe, kabla hawajaambiwa na korido.

Jumanne, 8 Aprili

Saa nne kasorobo. Naandika mezani pangu, kikao bado hakijaanza. Sentensi yangu nimeikariri tangu Ijumaa. Nimeijaribu kwa mke wangu; kasema ni ndefu, mtu atakuwa amezeeka kabla ya kufika kwenye kitenzi. Nimeifupisha. Karatasi ya saini ipo chini ya daftari.

Nimeufungua mlango kidogo kuona kama wamefika.

Wamefika. Na mke wangu yupo. Simu yangu ilikuwa imezimwa. Nimeiwasha sasa hivi, jumbe tatu: mkunga ana safari, wa mchana wote wamehamishiwa asubuhi. Wa tatu unasema: Nakaa mwisho wa benchi, sitasema kitu.

Hakukaa mwisho. Mwisho kumejaa. Amekaa kati, na mshonaji ubavuni kwake.

Gauni la mke wangu limeachia mshono ubavuni, amelibana kwa pini. Mshonaji ameiona pini. Mtu wa kazi yake hawezi kuiona akanyamaza. Nasikia sauti yake: dada, hiyo itakuchoma, na mimba yenyewe bado changa, kufika wa sita utavaa nini? Mke wangu kajibu kitu sikukisikia. Wanacheka wote wawili.

Nimechungulia tena. Mshonaji ametoa futi mkobani. Mke wangu amesimama katikati ya korido, mikono juu kama mfungwa, na mke wa fundi anamzungushia futi tumboni, anaisoma, anaizungusha tena polepole zaidi. Mkono wake umebaki pale kwenye futi muda mrefu kuliko kipimo kinavyotaka. Fundi kashika mkoba, anatazama mkono ule.

Sijui nani amemwambia nani nini.

Saa nne kamili. Muuguzi wa mapokezi anauliza kwa sauti huyu mama anamngoja mkunga au ni wa Chumba Namba Tisa. Mke wangu amenyamaza. Ameahidi, basi amenyamaza, mikono bado juu. Wote watatu wamegeuka kuutazama mlango wangu. Nimesimama, naiacha kalamu, naufungua mlango wote niwaambie mwenyewe: huyu ni mama watoto.