Urefu wa Émile

Kaka Gaétan,

Huku hatujambo. Ziwa limeganda, na yule mbwa uliyetuachia amezaa watano.

Jana alikuja msaka vipaji wa timu ya hoki kwa ajili ya Émile wetu. Mchezo wake hakuuzungumzia hata kidogo. Alitupima sisi wazazi kwa futi, ajue kijana atarefuka hadi wapi, maana wafupi hawawachukui. Akacheka: "Mzee Rosaire, nyie wawili vibushuti, huyu mlingoti mmemtoa wapi?"

Mke wangu akadakia: "Kamfuata baba yake mkubwa!" Kisha akaenda kuosha vikombe ambavyo alikwisha kuviosha.

Sasa yule bwana anataka akupime na wewe. Njoo Jumapili, kaka. Futi nitaishika mimi.

Nduguyo,
Rosaire