Wakunjaji wa Mashuka

Mdogo wangu mpenzi,

Huku tu wazima. Paa limeacha kuvuja, na mjomba ameanza kutembea bila fimbo, ila bado analalamika vilevile.

Kazini, pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, tumeletewa mpangilio mpya: kila mtu abadilishe kazi kila wiki, ili ajue zote. Mimi msimamizi niliagizwa niwaeleze wenzangu faida zake. Faida zenyewe sikuambiwa.

Walinung'unika, kisha wakakubali. Ila Bi Mpole na shoga yake, waliokunja mashuka pamoja tangu mimi sijaajiriwa, walikataa katakata bila kutoa sababu. Nikaona ni ukaidi tu. Nikampeleka Bi Mpole kwenye mashine ya kupigia pasi, peke yake.

Siku hiyohiyo king'ora cha mashine kililia. Wote tuligeuka isipokuwa yeye. Shoga yake alitoka mbio, akamvuta mkono kabla vidole havijanaswa.

"Hasikii," akaniambia, akihema. "Miaka yote mimi ndiye masikio yake. Tungekwambia, ungembakisha kazini?"

Bi Mpole alikuwa ananitazama midomo.

Nimewarudisha mezani kwao, wote wawili. Mkurugenzi aliuliza kwa nini kitengo changu kinasuasua, nikamwambia bado tunajifunza. Hakuridhika, ameniita ofisini kwake Jumatatu. Mama usimwambie, presha yake unaijua.

Nibusie watoto.

Dada yako