Maelezo Kuhusu Marehemu Aliyevunja Kioo cha Kaunta Namba Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kosa linalochunguzwa: kuharibu mali ya ofisi ya umma (kioo kimoja)
Shahidi: mwanamke, miaka 43, msanifu mkuu wa data, Idara ya Rejesta ya Wakazi
Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya tangi la maji
Yamechukuliwa na: koplo wa zamu, chumba cha pili, Alhamisi tarehe 14 Mei, kuanzia saa 6:40 mchana

Nina akili timamu na nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeonywa niseme kweli tupu. Nitaisema, na koplo asinilainishie maneno.

Koplo ameniuliza kazi yangu ni ipi hasa, maana mkurugenzi wangu amemwambia kwenye simu kwamba mimi ni "mtu wa kompyuta tu". Mimi si mtu wa kompyuta tu. Printa ikikwama anaitwa mwingine. Kazi yangu ni kupanga taarifa za kila mkazi zikae wapi, ziungane na zipi, nani aziguse, na zisichanganywe na za nani. Hospitali, shule na nyinyi polisi mnasoma kutoka kwetu. Nikikosea mimi, mtu anafungiwa kila mlango na hajui nani kaufunga. Naomba hilo liandikwe mwanzo kwa sababu ndilo linaloniuma.

Rejesta yetu ilikuwa ya makaratasi kwa miaka mingi. Mtu akifika bila kujua tarehe aliyozaliwa, karani alimwandikia tarehe moja Januari, akagonga muhuri, wakaagana. Hakuna aliyefundishwa hivyo, lakini makarani wote walifanya hivyo. Mimi mwenyewe kitambulisho changu kinasema tarehe moja Januari, na mama yangu anaapa nilizaliwa wakati wa mavuno. Hapa koplo ameacha kuandika, akasema, "Hata mimi ni moja Januari." Nikamwambia aliandike na hilo. Akasema hilo haliandikwi.

Kwa hiyo nilipochora mfumo mpya niliweka sharti moja. Watu wawili wenye majina yaleyale na tarehe moja Januari wasiunganishwe kuwa mtu mmoja, mpaka karani awe ametazama picha na alama za vidole kwa macho yake. Ni kazi ya polepole, nakubali. Lakini ndiyo kazi.

Mnamo tarehe 3 Machi, saa 3:00 asubuhi, mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Asipokuwepo tunamwita Bwana Asilimia, na najua atasoma haya, asome tu. Rekodi zilizoonekana kujirudia zilikuwa asilimia kumi na moja. Yeye alikuwa ameshawaahidi wakubwa kwamba siku ya uzinduzi zitakuwa chini ya moja, na uzinduzi ulikuwa Ijumaa ya wiki ileile.

Akasema, "Liondoe hilo sharti lako."

Nikamwambia, "Mkurugenzi, tutaunganisha watu wasiojuana hata kwa salamu."

"Wangapi?"

"Sijui. Na hilo ndilo linalonitisha."

Akacheka. "Dada yangu, wewe unapenda kuona giza mchana kweupe. Saini, tutarekebisha mbele ya safari."

Fomu ya mabadiliko haipiti bila saini ya msanifu. Nilisaini. Sikutishiwa, sikufungiwa mlango. Barua yangu ya kupandishwa cheo ilikuwa mezani kwake, chini ya kikombe cha chai, nami niliiona. Ijumaa alikata utepe, asilimia ikasomwa kuwa sifuri nukta nane, na mimi nilipiga makofi kama wenzangu.

Sasa nije kwa mtuhumiwa. Ni fundi seremala, mtu mzima wa miaka sitini na kitu. Kaunta zetu zote aliziunda yeye miaka tisa iliyopita, hadi fremu ya kile kioo. Mtu mwingine mwenye majina yake matatu na mwaka uleule, naye wa tarehe moja Januari, alikuwa mlinzi wa ghala upande wa pili wa mji. Mlinzi alifariki tarehe 19 Aprili. Familia yake ilifanya inavyotakiwa, ikaleta taarifa ya kifo mapema. Lakini mfumo ulikuwa umeshawafanya mtu mmoja. Mlinzi alipofutwa, tarehe 6 Mei, na fundi akafutwa.

Fundi ana ugonjwa wa figo. Kila Jumatatu na Alhamisi anasafishwa damu kliniki. Alhamisi iliyopita, tarehe 7, muuguzi aliingiza namba yake, ikatoka "marehemu". Muuguzi akamwambia mke wa fundi, "Mama, sina namna. Bila namba siruhusiwi kumwekea mashine." Wakarudi nyumbani. Ijumaa walifika kwetu, wakaambiwa walete barua ya polisi inayothibitisha kwamba yu hai. Hilo ni sahihi. Kanuni hiyo niliiandika mimi: karatasi yoyote ya polisi yenye muhuri, inayoonyesha mtu ameonekana akiwa hai, inamwezesha karani yeyote wa kaunta kumrudisha siku hiyohiyo bila kibali cha bosi yeyote.

Jumamosi walikuja hapa. Hapahapa, kwenye benchi lile la nje. Askari wa zamu aliwaambia barua inatolewa kwa namba, na namba inasoma marehemu, kwa hiyo waende kwanza rejesta wakarekebishe. Loo! Koplo ananitazama, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mke wa fundi anayo karatasi aliyoandikiwa, isiyo na muhuri. Jumatatu fundi alikosa mashine mara ya pili.

Jumanne tarehe 12, saa 2:30 asubuhi, dada wa kaunta namba tatu aliniita niende mbele. Nilimkuta mzee ameketi, miguu imevimba hadi kamba za viatu hazifungiki. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeniua?" Alikuwa ananitania.

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Ni mimi." Akaacha kucheka. Mke wake akatazama pembeni.

Nilipanda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Nikamweleza. Akasema, "Tukimrudisha huyu kinyemela tumekiri kosa, na wakaguzi wanakuja mwezi ujao. Asubiri."

Nikasema, "Huyu hana mwezi, mkurugenzi. Hana hata wiki."

"Basi alete barua ya polisi." Akarudi kwenye simu yake.

Haki ya Mungu! Miaka kumi na sita nimefanya kazi katika jengo lile na sijawahi kumpandishia mtu sauti. Siku hiyo nilipiga kelele hadi wahasibu wa chumba cha jirani wakafungua mlango. Nilimwambia anaua mtu kwa ajili ya nukta. Kufika saa 10:00 jioni ruhusa yangu ya kugusa rekodi ilikuwa imefungwa, na nikaandikiwa barua ya kujieleza.

Leo, saa 4:10 asubuhi, nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta namba tatu, hatua mbili kutoka kwa dada wa kaunta. Fundi alifika na mke wake. Dada akaingiza namba, akainamisha kichwa. "Mzee, bado inasema marehemu."

Fundi akasema, "Na huyu anayeongea na wewe ni nani?"

"Nakuona, mzee. Nakuona kabisa. Ila mfumo ndio hauoni."

Akamwambia, "Binti, sogea kidogo, usije ukaumia." Dada akasogea. Fundi akainua mkongojo wake, akakipiga kioo mara moja. Mbao hakuigusa. Kisha akaketi kwenye kiti, akaweka mkongojo magotini, akangoja. Hakutukana mtu wala hakutishia mtu. Mkurugenzi amenipigia saa 5:20 akitaka niseme alitishia wafanyakazi. Huo ni uongo, na mimi nimeshasaini uongo mmoja, unatosha.

Askari walifika baada ya dakika kumi na tano. Walimleta hapa, wakamwandika jina kwenye kitabu cha matukio, wakachukua alama za vidole vyote kumi. Hakuna aliyemuuliza namba! Jamani, Jumamosi alipokuja kuomba barua, hayupo. Leo alipovunja kioo, yupo. Hasira yangu iko hapo, na sijui niiweke wapi.

Mkurugenzi anataka ashtakiwe ili iwe fundisho. Vizuri. Na mimi nataka ashtakiwe. Mwandikeni jina lake kamili, mwandikeni kwamba alikamatwa akiwa hai saa 4:25 asubuhi, mgonge muhuri mkubwa mlionao, mumpe mke wake nakala. Kama ni marehemu, basi mlalamikaji aseme ni nani aliyevunja kioo chake. Kama yu hai, rejesta yetu ndiyo iliyokosea, na kliniki inafungwa saa 10:00. Mwongozo wa kumrudisha uko kwenye droo ya kaunta namba tatu, ukurasa wa sita. Dada anaujua.

Kioo nitakilipa mimi.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya. Saini iliyo hapa chini ni ileile iliyo kwenye fomu ya tarehe 3 Machi. Mnaotaka kulinganisha, linganisheni.

(Saini ya shahidi)
Saa 7:25 mchana

MAELEZO YA OFISA

Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali. Ameomba nisipunguze chochote, sikupunguza.

Saa 7:35 nimempigia mlalamikaji kumuuliza anamshtaki mtu hai au marehemu. Amesema atanipigia. Hadi naandika haya hajapiga.

Nimetoa nakala ya kitabu cha matukio yenye jina, alama za vidole na muhuri, nikamkabidhi mke wa mtuhumiwa. Saa 8:30 karani wa kaunta namba tatu amethibitisha kwa simu kwamba namba inasoma "hai". Mtuhumiwa amefikishwa kliniki kwa gari la kituo saa 8:55, chini ya ulinzi wangu, na amewekewa mashine.

Fomu ya kituo inataka tarehe ya kuzaliwa ya mtuhumiwa. Nimemuuliza akiwa kitandani, amesema haijui. Nimeandika: haijulikani.

(Saini), Koplo wa zamu