Namba Saba na Kopo la Maziwa

Jumatatu, 9 Juni

Namba Saba amenasa tena! Mara ya kumi na moja. Kishimo cha sahani ya vipimo kimegeuka njano hadi raha. Miezi minane nimehangaika na kingamwili mia mbili na ushee, zote magoigoi, na huyu mmoja tu ndiye anayeikamata protini ya saratani tunayoiwinda. Mzee (profesa wangu — hata hamsini hajafika, ila anakohoa kizee) amesema Ijumaa tunawaonyesha wafadhili. Wakimpenda, mkataba wangu unaongezwa miaka miwili. Wasipompenda, tarehe thelathini narudi kwa Mama na sanduku langu na udaktari wangu usiotibu mtu.

Nimempigia Mama. Kosa. Ameuliza kama dawa ni ya kunywa au ya sindano. Nikamwambia bado, Mama, hata panya hajaionja. Akasema sawa, basi atawaambia watu ni ya sindano.

Jumanne, 10 Juni

Kopo la maziwa ya unga — tupu. Kijiko kinagonga bati. Kila kipimo naanza na maziwa: unayamimina kwenye vishimo vya sahani, yanaziba plastiki, ili kingamwili isigande ovyo. Na mimi nilitaka picha moja safi ya Ijumaa.

Mwizi nimemkuta stoo. Mjomba, fundi wetu wa maabara, ambaye si mjomba wa mtu yeyote humu, ameketi na kikombe cha chai nzito, nyeupe. Nikamwambia hiyo ni mali ya sayansi. Akapuliza chai. Akasema kopo limeandikwa maziwa, yeye angejuaje. Tangu lini? Tangu Aprili. Alidhani mimi ndiye ninayemwekea, na amekuwa akiniombea dua.

Dukani wanasema yasiyo na mafuta yatakuja Alhamisi. Maabara ya jirani wameniazima kitu kingine cha kuzibia, hutolewa kwenye damu ya ng'ombe. Kitafaa tu.

Jumatano, 11 Juni

Njano hakuna.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudia mara tatu. Maji matupu. Nimelaumu friji, nimelaumu dawa ya rangi, nimemlaumu Mjomba kwa kila kitu pamoja na mvua. Alikuwa anaosha chupa. Akasema taratibu, bila kugeuka: kwani mwanangu, huyu mtoto wako hafanyi kazi mpaka apewe maziwa?

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Nimekimbia dukani, nikaja na kopo jipya. Sahani mpya: maziwa peke yake, protini ya saratani sikutia hata chembe. Juu yake Namba Saba. Dakika kumi. Njano ya kuchoma macho.

Miezi minane nimefuga kingamwili ya kukamata maziwa. Na kile kishimo cha kulinganishia, ambacho kingenionya? Siku zote nilikiacha kitupu kabisa, hata maziwa sikutia. Wa kulaumiwa ni mimi. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikaenda kwa Mzee.

Alinisikiliza mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango. Akasema wageni wameshapanda ndege. Akasema tuonyeshe picha ya Jumatatu, si ni picha ya kweli? Ni ya kweli, ndiyo. Nimeona aibu kwa niaba yetu sote wawili.

Ujumbe wa Mama jioni: fundi cherehani wake ana dada mgonjwa, anauliza foleni inaanzia wapi. Sijamjibu.

Ijumaa, 13 Juni

Niko safu ya mbele, daftari magotini. Wanadhani naandika anayosema Mzee. Anaongea vizuri leo, hata hakohoi. Mjomba anapitisha chai, amevaa koti lake la harusi. Mgeni mmoja ameuliza kama kuna maziwa. Mjomba akaniangalia mimi.

Slaidi ya tano. Ya sita nimeibadilisha asubuhi, saa moja, kabla mtu hajafika: sahani mbili kando kwa kando, moja ya saratani, moja ya maziwa matupu, zote njano. Mzee hajui. Namwomba Mungu umeme ukatike, halafu namwomba usikatike.

Anasema sasa wakutane na mshindi wetu. Ananinyooshea mkono nisimame. Mkono wa pili uko kwenye kitufe —