Usinunue Kioo cha Gari ya Papa

Bukavu, Nguba
Tarehe 14 mwezi wa tisa, 2024

Mpendwa Tantine Adolphine,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Magoti yako yanaendeleaje? Maman anasema baridi ya Namur imeanza mapema, na kwamba unapanda ngazi ukipumzika kila hatua nne. Na Tonton Hugues, sukari yake imeshuka? Sisi ni wazima kwa mwili. Maman amerudi sokoni, wadogo zangu wameanza masomo, na mimi nimepata diplome yangu ya serikali, asilimia 58. Aksanti kwa maombi yako.

Ninakuandikia barua kwa sababu kwa simu siwezi. Unanijua, hata "allô" inanikwama kooni. Sista Lucie anasafiri Jumanne, atakupa hii mkononi.

Tantine, usinunue kile kioo. Jumapili ulipiga simu kwa furaha, ukasema umepata kioo cha mbele cha Triumph TR3, kile Papa alichokitafuta zaidi ya miaka kumi. Maman alijibu tu "Aksanti, dada," akanipa simu. Halafu ikakatika. Haikuwa reseau ya simu, ni mimi niliyeikata. Gari haipo tena.

Wewe unajua kuliko mimi mambo yalivyoanza, maana ulikuwa naye kando ya barabara ya Nyantende, mkiuza viazi, siku ile Triumph nyekundu iliposimama na yule daktari wa mifugo akamwacha Papa ashike usukani. Alikuwa na miaka saba. Alituhadithia mpaka tukachoka. Magari yote aliyotengeneza maisha yake yote yalikuwa ya watu. Ya kwake aliyoitaka ilikuwa moja tu, na ya aina ile tu. Hata walipompa Toyota nzima kwa bei nzuri, alikataa.

Alipoipata kule Lwiro, katika banda la zamani la kukaushia magome ya kinkina, ule mti wa dawa ya malaria, kuku walikuwa wanataga ndani yake. Nilikuwa na miaka sita. Ilifika kwetu juu ya lori, bila viti, bila kioo, bila sakafu. Majirani wakaiita Chura, kwa ajili ya taa zake zilizotokeza kama macho. Papa Pascal wa jirani alikuwa anaegemea uzio na kumuuliza, akimwita kwa jina langu: "Papa Clémence, mu nyumba muko watu saba, na gari ni ya watu wawili. Wengine watafuata na mbio?" Papa alimjibu kutoka chini ya gari: "Chura haina haraka. Mvua ikinyesha, utaisikia."

Mimi ndiye niliyekaa na Papa akiitengeneza. Bulon za ile gari, yaani bolti zake, hazina vipimo vya magari ya huku, kwa hiyo Papa alisaga yeye mwenyewe funguo kumi na moja za kuzifungulia, na mimi peke yangu nilijua upi unaingia wapi. Chini ya ile gari nilikuwa ninaongea, Tantine. Shuleni walifikiri sina ulimi. Pale niliongea mpaka Papa alisema, "Mama, pumzika kidogo, nisikie hii moteri."

Jumamosi Kuu ya mwaka huu moteri iliwaka. Dakika moja, labda mbili. Moshi ulifika mpaka kwa Papa Pascal, naye akapiga makofi. Papa aliizima haraka, akasema ataitembeza siku itakapokuwa na kioo na rangi. Maman alitaka kumpiga picha akiwa amekaa ndani, akakataa kwa sababu hiyo hiyo. Wiki tano baadaye moyo wake ulisimama. Ile picha uliyoniomba siku ya mazishi, Tantine, haiko.

Sasa sikia nilichokifanya mimi.

Siku ya kuondoa matanga, tarehe kumi mwezi wa nane, Tonton Delphin ndiye aliyegawa vitu vya Papa mbele ya jamaa. Aligawa vizuri, usimfikirie vibaya mdogo wako. Alipofika kwenye gari, watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Alinigeukia mimi: "Clémence, weye ndjo ulikuwa unashinda naye mule ndani. Unaitaka hii gari?"

Watu kama arobaini walinitazama. Nikatazama viatu vyangu.

"Sema, mama. Hakuna mwenye atakuchekelea."

Sauti haikuja. Mama mmoja wa Kabare akasema, "Achana na mutoto. Binti atafanya nini na chuma?" Tonton akamnyamazisha kwa mkono, akaniuliza mara ya tatu, polepole, kama babu alivyokuwa akiuliza. Na kwetu anayenyamaza mara tatu amekataa. Basi gari ikapewa Placide, fundi wa Kadutu anayetengeneza mbabula, yale majiko ya makaa, na masufuria kwa vyuma vikuukuu.

Yeye na watu wake walikuja Jumanne na nyundo. Pigo la kwanza liliangukia mlango, nikasikia mtu anapiga kelele: "Muache!" Nilikuwa mimi.

Placide akauliza, "Kuko nini, mama? Si tulipewa?"

Kweli walipewa, na mbele ya ukoo wote. Kuwanyang'anya kungekuwa kumvua Tonton nguo hadharani. Nikaingia ndani, nikaleta zile funguo kumi na moja. Nikamwambia, "Si vile. Nitaifungua mie."

Niliifungua toka saa mbili asubuhi. Nilifuata utaratibu tulioufuata na Papa, ila nilianzia mwisho nikarudi mwanzo. Kabureta kwanza, halafu radiata, halafu zile waya tulizogombania wiki nzima. Kuna bulon moja chini ya usukani ambayo yeye peke yake ndiye aliyeweza kuifikia. Siku hiyo niliifikia. Placide na watu wake walikaa kwenye matofali wakingoja. Saa kumi na moja jioni yalibaki mabati tu, na hakuna kipande kilichovunjika.

Tonton Delphin alifika wakati wanapakia. Aliona mafuta mpaka kwenye viwiko vyangu, akaona vipande vimepangwa chini kwa mistari.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mara tatu, mama. Juu ya nini hukusema?"

Akakaa chini kwenye udongo na suruali yake ya ofisi, akalia kama ambavyo hakulia hata kwenye mazishi. Na mimi, Tantine, nilisimama pale na ufunguo mkononi. Mara hiyo pia sikumjibu.

Tangu siku ile hapiti kwetu. Anatuma watu. Maman anasema ana haya, lakini mwenye haya ni mimi.

Wewe ndiye mkubwa wao. Tafadhali mpigie. Mwambie hakukosa kitu, aliuliza vizuri na kwa upole. Mwambie jibu lilikuwa ndiyo. Niliitaka ile gari kuliko diplome, kuliko kitu chochote Papa alichoacha, na hii ni mara ya kwanza ninalisema kwa mtu. Asikae mbali na sisi kwa kosa la kinywa changu.

Nisalimie sana Tonton Hugues, na Nathalie na mtoto wake mchanga ambaye hatujamwona. Maman na wadogo wote wanakusalimu. Mungu akulaze salama na kukuamsha salama huko uliko.

Wako akupendaye,
Clémence