Barua ya Kurasa Tatu

Jumatatu, 10 Februari 2025

Foleni tangu saa moja asubuhi, ofisi ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, Posta. Nimefika dirishani saa sita kasoro. Binti wa dirishani, Anaeli, amenipa shikamoo ya adabu kabisa, kisha ameniambia sistahili fao la kukosa ajira. Fao ni la aliyeachishwa. Aliyeacha mwenyewe hana chake.

Nani kaacha? Miaka kumi na moja nasahihisha prufu kwenye kiwanda cha uchapaji cha Bwana Zayed. Ijumaa jioni, tarehe 31 Januari, anatuita watu wanane, anatuambia kitengo kinafungwa — nani kaacha hapo?

Anaeli akageuza skrini. Barua yangu, kiwanda kimeiambatisha kwenye faili! Kurasa tatu, sahihi yangu chini. Niliiandika jioni ileile kwa hasira, nikaibandika ubaoni kiwandani Jumamosi, tarehe moja. Barua za kutuachisha zilitoka Jumatatu, tarehe tatu. Na mstari wa mwisho, ule niliouonea fahari: "Kuanzia leo msinihesabu miongoni mwa watumishi wenu."

"Mama, unaandika vizuri sana," Anaeli alisema, na alimaanisha. "Lakini hapa umeacha kazi."

Nikamweleza kwamba ile ni barua ya kupinga. Nikamtajia sheria, kifungu kwa kifungu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaita mtu wa nyuma yangu.

Jumanne, 11 Februari

Bi Mwanamize, mwenye nyumba, ameulizia kodi. Anataka ya miezi mitatu kwa mkupuo. Nimemwomba nilipe mwezi kwa mwezi kwa fedha za fao. Amekubali, ila kwanza aione barua ya Mfuko. Asipoiona, mwisho wa mwezi chumba anampa mtu mwingine.

Jumatano, 12 Februari

Godbless, fundi wa mashine, mmoja wa wale wanane, amepiga simu. Fao lake limepita. Mtu huyu hajawahi kubishana hata na konda! Nimemuuliza alifanyaje.

"Dada Severa, nilipewa barua, nikasaini, nikaenda nyumbani."

Hakunikejeli. Afadhali angenikejeli. Anayenyamaza analipwa, anayesema anaulizwa tarehe — halafu tunashangaa kwa nini watu hawasemi.

Alhamisi, 13 Februari

Kwa Anaeli tena. Njia iko moja: mwajiri aandike, na agonge mhuri, kwamba alitutangazia Ijumaa, kabla ya barua yangu. Ni kweli tupu. Amenichapia na taarifa ya michango yangu, ya kuambatisha.

Nimeisoma nimekaa kwenye ngazi, mstari kwa mstari. Miezi yote ipo. Yote! Na mimi ukurasa wa pili niliandika kwamba Zayed amekula michango yetu. Niliyatoa wapi? Kwa Beno, dereva wa kiwanda, kwenye kahawa. Mimi huyu, niliyewaandikia waandishi wa watu "chanzo?" pembeni kwa kalamu nyekundu.

Ijumaa, 14 Februari

Kariakoo, kiwandani. Nimemngoja Zayed mpaka akarudi kutoka msikitini. Barua yangu imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp, anasema, imefika Tanga kwa mama mkwe wake. Kuitwa mnyonyaji hakumsumbui, amekwisha kuzoea. Lakini mwizi wa michango — mama mkwe amempigia kuuliza. Atagonga mhuri, ila kwanza niandike kwamba barua yote ni uongo. Kurasa zote tatu. Mwisho Jumatatu, Jumanne anasafiri kwenda Muscat.

Nimemuuliza kama saa za ziada za miaka mitatu asizotulipa nazo ni uongo. Akaomba radhi, ana wateja.

Jumapili, 16 Februari

Nimeandika. Nimechana. Nimeandika. Nimechana.

Jumatatu, 17 Februari

Naandika nikiwa kwenye benchi la ofisi yake. Nimempa mistari minne, barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika: michango ililipwa yote, nilimsingizia, naomba radhi, ibandikwe ubaoni palepale. Ameisoma kasimama.

"Na yaliyobaki?"

"Yaliyobaki ni kweli, Bwana Zayed."

Akaifungua ile ya kwanza, ukurasa wa tatu. Huko nimeandika habari za Moza, mwenzetu aliyekatwa kidole na mashine ya kukatia karatasi akapelekwa nyumbani na pole ya maneno.

"Na hili?"

"Nionyeshe kosa nilifute."

Ameingia chumba cha ndani na barua zangu zote mbili, pamoja na ile taarifa ya michango. Mlango ameuacha wazi. Nimesikia droo ikivutwa. Kisha karatasi zikipinduliwa.

"Dada Severa," ameita kutoka ndani. "Huyu Moza anakaa wapi siku hizi?"

Sijui anamuulizia kwa heri au kwa shari. Sasa amekuja mpaka mlangoni, mhuri mkononi, hajaugonga bado, anangoja jibu. Najifanya namalizia sentensi.